Xeon ya kore 14 ama i5 ya kore 6 kwa studio ya video, nisaidieni kabla sijatuma pesa

StudioMpakani

Wakubwa habari zenu. Niko na studio ndogo hapa Busia upande wa Uganda, kazi yetu ni harusi, kwanjula (sherehe ya kutambulishana kwa wazazi), makanisa, na mara moja moja video ya wimbo wa vijana wanaotaka kutoka. Tuko wawili tunaoedit, mimi na kijana wangu. Mashine tuliyonayo ni i5 ya zamani ile ya jenaresheni ya nne, RAM giga 16, na tangu tuhamie kamera ya Sony inayorekodi 4K imekuwa mateso matupu, ukivuta taimulaini inaganda, unangoja, unabonyeza tena, inaganda, na mteja amekaa nyuma yako anaangalia saa.

Bajeti yangu ni kama milioni mbili za Uganda na nimepata vitu viwili. Cha kwanza kuna jamaa Kampala ana HP Z440 iliyotumika, ndani prosesa ya Xeon E5-2680 v4, kore 14 (kama wafanyakazi 14 ndani ya prosesa) thredi 28, RAM giga 64 ya ECC, diski ya kawaida, anataka milioni moja na laki tano. Cha pili kuna duka wananifungia mashine mpya ya Core i5-12400, kore 6 thredi 12, RAM giga 16, SSD ya NVMe giga 500, milioni moja laki nane na nusu, waranti mwaka mmoja. Kadi ya grafiki ninayo, GTX 1650, nitaihamishia kwa yoyote nitakayochukua.

Sasa mimi naona kore 14 zinazidi 6 mara mbili na zaidi, RAM ni mara nne, bei iko chini, kwa nini nisichukue Xeon? Yule jamaa anasema prosesa ya seva imetengenezwa kupiga kazi usiku na mchana miaka na miaka, eti i5 ni ya kuandikia barua. Kijana wangu naye amekataa katakata lakini hawezi kunieleza sababu. Nani ametumia hizi mbili?

kijana_wa_Malaba

Kaka chukua Xeon haraka kabla mtu hajakuwahi. Mimi nina 2670 v3 yenye kore 12, narenda picha za 3D za Blender kwa CPU usiku kucha, asubuhi nakuta kazi imeisha. Giga 64 kwa bei hiyo banange utazipata wapi tena? Mpya mpya hizo unalipia boksi.

Dada_wa_Seva

Kaka StudioMpakani pole na hiyo taimulaini. Mimi kazi yangu ni seva, nashinda nazo hapa Kampala na nazipenda kwelikweli, kwa hiyo nikikuambia hiyo Xeon uiache usidhani ninaichukia.

Hizo E5 Intel walizitengeneza kwa chumba cha seva, mahali ambapo watu mia wanaomba vitu vidogo vidogo kwa wakati mmoja, huyu anafungua barua pepe, yule anaangalia salio, mwingine anatoa risiti. Kila ombi ni jepesi na likichelewa kidogo hakuna anayelia, cha maana ni kwamba yote yahudumiwe. Ndiyo maana wakaijaza kore nyingi zinazokwenda polepole, wakaipa chaneli nne za RAM na njia 40 za PCIe ili uchomeke diski na kadi za mtandao mpaka uchoke. Hiyo 2680 v4 ilitoka 2016, mwendo wake wa chini ni 2.4 GHz, inapanda mpaka 3.3 pale kore chache tu zina kazi, zikiamka zote inashuka tena. i5-12400 ni ya Januari 2022, inafika 4.4, na usiangalie hiyo GHz peke yake kwa sababu ndani ya kila mzunguko kore mpya inamaliza kazi nyingi kuliko ile ya 2016. Ukilinganisha kore moja kwa moja, i5 inaiacha mbali. Ukiziwasha zote pamoja, zile 6 na zile 14 zinakaribiana sana, na hapo ndipo watu wengi wanashangaa maana hesabu ya kwenye boksi inasema kitu kingine.

Wewe ukiwa peke yako na una haraka ya kufika mjini hupandi taxi ya abiria 14, unapanda boda. Kuvuta taimulaini, kubonyeza efekti na kusubiri picha ije, kufungua programu yenyewe, hizo ni kazi za boda.

Kuhusu ECC. Ile RAM inagundua biti moja ikigeuka na inairekebisha yenyewe, zikigeuka mbili inakupa taarifa kwamba kuna kitu kimeharibika. Kwa vitabu vya SACCO ama rekodi za wagonjwa hiyo nitaipigania mpaka mwisho, kwa sababu namba moja ikibadilika kwenye akaunti ya mama wa sokoni hakuna atakayejua imetoka wapi. Kwa klipu ya bibi harusi anakata keki, nukta moja ikibadilika rangi kwenye fremu moja hutaiona na yeye hataiona.

Ungekuwa unaniambia una shule, unataka mashine moja iendeshe mfumo wa karo, mafaili ya walimu na mashine pepe nne tano (kompyuta ndani ya kompyuta) juu ya programu ya Proxmox, haizimwi hata Krismasi, hapo ningekwambia toa pesa leo, Xeon ndiyo mahali pake. Na pia kuna suala la ukubwa wa RAM, 12400 mwisho wake ni giga 128, hiyo E5 inakubali mpaka terabaiti moja na nusu. Lakini studio ya harusi hizo zote utaziweka wapi?

Halafu jambo moja, Xeon ni jina la ukoo mzima, zisichanganywe. Kuna kama E3-1245 v5, ile ukiifungua ni kama i7 ya wakati wake iliyoongezewa ECC, ina hata grafiki yake ndani. Kwa hiyo mtu akikuambia tu "hii ni Xeon" bado hajakuambia kitu, muulize namba.

kijana_wa_Malaba

Dada naheshimu lakini mbona yangu inapiga kazi vizuri tu? Na hiyo i5 ana giga 16 tu, 4K na giga 16 atalia tena.

Dada_wa_Seva

Kijana yako inapiga kazi vizuri kwa sababu Blender ikirenda kwa CPU inagawanya picha kwa kore zote na kila moja inabaki na kipande chake mpaka mwisho, na wewe umelala hukai kuisubiri. Hiyo ni kazi ambayo Xeon inaipenda. Yeye anakaa mbele ya kioo anangoja, ni kitu tofauti. Kwa giga 16 uko sahihi kabisa, aende 32.

MzeeFundi_Mbale

Vijana mmeongea vizuri, mimi niongezee upande wa fundi kwa sababu hizi mashine zikianguka zinaletwa kwangu.

Hiyo Z440 ni mashine nzuri, chuma kizito, imefungwa kwa akili. Shida yake ni siku itakapoharibika. Power supply yake ya wati 700 si ATX ya kawaida, viunganishi vyake ni vya HP peke yao, bodi pia ni ya kwake. Ikiungua hapa Mbale ama huko Busia huendi dukani ukanunua nyingine ya laki moja na nusu, unaagiza Kampala ama Nairobi, unangoja iliyotolewa kwenye mashine nyingine, na wakati huo harusi za Jumamosi zinakungoja. Mashine ya i5 power ikifa unabadilisha siku hiyohiyo. Zile RAM pia, ni RDIMM, aina ya seva, kesho ukitaka kuzihamishia kwenye bodi ya desktop hazitafanya kazi kabisa. Na kwenye bodi hakuna tundu la M.2, ukitaka SSD ya kasi ya NVMe unanunua kadi ya kuchomeka kwenye PCIe.

Ule msemo wa "imetengenezwa kufanya kazi miaka na miaka" ni kweli, lakini hiyo miaka imeshafanya! Prosesa yenyewe hufa mara chache sana, iwe ya seva iwe ya desktop, kwenye benchi langu vinavyokuja vimekufa ni power, bodi, diski na feni zilizojaa vumbi.

Sasa umeme. Watu wanatishana sana kuhusu bili, tupige hesabu. Chukua Xeon ikifanya kazi inakula kama wati 70 zaidi ya hiyo i5, masaa 10 kwa siku, siku 26 za mwezi. Hiyo ni yuniti 18 na kidogo. Kwa shilingi 800 kila yuniti ya Yaka, ule umeme wa kulipia kabla, inakuja kama elfu 14 na mia tano kwa mwezi. Inauma lakini haiui biashara. Kinachouma ni betri. Mwenye studio hapa lazima ana inverta, tuseme betri moja ya 12V 100Ah ya asidi, hiyo ni wati-saa 1200, lakini usiishushe chini ya nusu kama unataka idumu, na inverta nayo inakula kidogo, unabaki na kama 500. Xeon na kioo chake ikila wati 230 unapata masaa mawili na dakika chache. i5 na kioo ikila 140 unapata matatu na nusu. Umeme ukikatika saa nane mchana na mteja anakuja saa kumi na moja, hapo ndipo utajua tofauti.

Kama bado roho yako iko kwa Xeon basi usitume pesa kwa simu, nenda mwenyewe. Mwambie awashe programu ya CPU-Z, usome jina lote la prosesa. Ukiona herufi ES kwenye jina la prosesa ondoka, hizo ni sampuli za majaribio za Intel ambazo hazikutakiwa kuuzwa. Akikubali kufungua, mfuniko wa chuma wa prosesa halali umechongwa jina la modeli, ile ya majaribio imechongwa INTEL CONFIDENTIAL, unaisoma kwa tochi ya simu ukishafuta ile pasta. Na wakati iko wazi angalia soketi, pini ziko kwenye bodi na ni nyembamba kama nywele, moja ikipinda chaneli moja ya RAM inapotea na mashine bado inawaka kama kawaida, kwa hiyo hesabu kama giga 64 zote zinaonekana. Alafu iendeshwe kwa mzigo nusu saa mbele yako, uangalie joto kwenye HWiNFO. Akikataa hayo, rudi nyumbani na pesa yako.

mhariri_wa_Ntinda

Mimi naedit harusi kama wewe kwa hiyo nakuuliza swali ambalo hakuna aliyeuliza. Hiyo kamera ya Sony umeiweka irekodi kwa mfumo gani wa kubana video, XAVC S ama XAVC HS? Na rangi ni 4:2:0 ama 4:2:2, ile yenye taarifa nyingi zaidi za rangi? Kama hujui pakua programu inaitwa MediaInfo, ni ya bure, burutia klipu moja ndani itakuonyesha.

Alafu fanya hivi kwa hiyo mashine yako ya sasa. Fungua mradi mmoja, fungua Task Manager pembeni, nenda Performance, bonyeza kulia kwenye grafu ya CPU uigawanye kwa kila kore. Kisha rudi upande wa GPU tafuta kigrafu kimeandikwa Video Decode. Cheza klipu kwenye taimulaini uone nani anafanya kazi na nani amelala. Lete majibu hapa kabla hujanunua chochote.

StudioMpakani

Asanteni sana wote, sikutegemea kupata darasa hivi. Mzee wangu wa Mbale shikamoo, hesabu ya betri imenigusa maana ndiyo maisha yetu.

Mhariri nimefanya ulivyosema. MediaInfo inasema HEVC, 4:2:2, biti 10, kwenye menyu ya kamera ni XAVC HS. Kwenye Task Manager nikicheza klipu grafu zote nne za CPU zinaruka juu kabisa na kubaki huko kama zimegandishwa, upande wa GTX 1650 ile Video Decode iko sifuri, haijitingishi hata kidogo. Nikiweka klipu ya zamani ya kamera ya kwanza ile Video Decode inapanda na CPU inapumua. Hiyo maana yake nini? Kadi imeharibika?

mhariri_wa_Ntinda

Kadi haina shida, na sasa ugonjwa tumeupata.

Video ya HEVC imebanwa sana, kuifungua fremu moja moja ni kazi kubwa, kwa hiyo watengenezaji wanaweka kwenye chipu sehemu maalum ya kufanya kazi hiyo tu. GTX 1650 yako inayo, lakini HEVC ya 4:2:2 haiifungui. NVIDIA walianza kufungua 4:2:2 kwenye RTX 50 za 2025, zote za kabla hazijui. Kwa hiyo klipu yako mpya ikifika kadi inaikataa kimya kimya, mzigo wote unaangukia CPU, na CPU yako ya kore nne inazama. Ile klipu ya zamani ni 4:2:0 ndiyo maana inapita bila shida.

Sasa Intel wao hiyo sehemu iko kwenye grafiki ya ndani ya prosesa, wanaiita Quick Sync, na kwa desktop ilianza kufungua HEVC 4:2:2 kwenye jenaresheni ya 11. i5-12400 ina grafiki ya UHD 730, watu wanaidharau kwa sababu haichezi gemu, lakini HEVC 4:2:2 biti 10 inaifungua bila kutoka jasho, na Premiere inaitumia, ukiingia Preferences kwenye Media utaona mahali pa kuwasha Intel. Hiyo E5-2680 v4 haina grafiki ya ndani kabisa, seva haihitaji, kwa hiyo ungezichosha kore 14 zote kufungua video ambayo kile kichipu kidogo kinaifungua huku CPU inapumzika kwa efekti na rangi. Ungelipa milioni moja na nusu, ungepata nafuu, lakini ungebaki na ugonjwa uleule ndani.

Angalizo moja, hii ni kwa HEVC tu. Ukibadilisha kamera kwenda XAVC S ambayo ni H.264, mbano wa zamani kuliko HEVC, na ukabaki 4:2:2 biti 10, hata hiyo UHD 730 haitakusaidia. Kwa hiyo kaa kwenye HS.

Na kwa leo, kabla mashine haijaja, tengeneza proksi. Klipu zote zigeuzwe nakala ndogo usiku, mchana unaedit hizo ndogo, ukitoa kazi programu inarudi kwenye zile kubwa yenyewe. Inakula nafasi ya diski lakini mteja hatakukuta unahangaika.

kijana_wa_Malaba

Hapo kwa 4:2:2 sikujua kabisa, mimi sigusi video. Basi kwake i5, mimi na Blender yangu nabaki na Xeon.

Dada_wa_Seva

Mhariri asante, hiyo ndiyo sababu kijana wake alikuwa anaihisi na hawezi kuieleza.

StudioMpakani hela itakayobaki ipeleke kwa RAM, vipande viwili vya giga 16 vifanane ili chaneli zote mbili zitumike, usikubali kimoja cha 32 hata wakikwambia ni sawa. Na kuna lingine, Windows 11 haiitambui E5 v4 kwenye orodha ya prosesa zake na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo na hapo ungeanza kuhangaika na njia za panya.

Siku moja mafaili ya harusi yakiwajaa ninyi wawili, mtafute workstation ya zamani kama hiyo, hata yenye Xeon ya bei ya chini kuliko hii, RAM ya ECC, diski mbili zinazonakiliana, programu ya TrueNAS juu yake, iwe ghala lenu la mafaili. Hapo nitakusaidia kuichagua mwenyewe. Lakini nakala nyingine ikae nyumba tofauti, usije ukapoteza harusi za watu kwa moto mmoja ama mwizi mmoja.

StudioMpakani

Nimeelewa dada, na kijana wangu amesoma uzi wote leo anatembea kifua mbele. Nimewaandikia wale wa duka wakanitumia kotesheni mpya na RAM ya 32. Hii hapa nimeinakili kama ilivyo, niambieni kama iko sawa ndiyo nilipe kesho asubuhi:

Core i5-12400F, bodi B660 ya DDR4, RAM 2 x giga 16 3200, NVMe giga 500, power wati 550, kasha. Jumla 1,980,000.

mhariri_wa_Ntinda

SIMAMA HAPO HAPO. Soma tena mstari wa kwanza, 12400F. Hiyo F mwishoni maana yake grafiki ya ndani imezimwa kiwandani, hakuna UHD 730, hakuna Quick Sync, na kwako hicho ndicho kitu chote unachonunulia. Kwa mtu wa gemu mwenye kadi yake F ni sawa tu na ni nafuu, ndiyo maana maduka yanaziweka bila kuuliza. Wewe unataka 12400 bila herufi yoyote, uione imeandikwa hivyo kwenye boksi na kwenye risiti, si kwa mdomo.

Na wakishafunga waingie BIOS, ile menyu ya mipangilio ya bodi, waiwashe grafiki ya ndani, kwa sababu bodi nyingi zikiona kadi imechomekwa zinaizima. Ukifika nyumbani fungua Task Manager ileile, unatakiwa uone GPU mbili, ya Intel na ya NVIDIA. Ukiona moja, hujamaliza.

MzeeFundi_Mbale

Na hiyo power ya wati 550 waulize ni kampuni gani. Jina ukiwa hulijui nipigie picha ya lebo yake uiweke hapa.

StudioMpakani

Mhariri Mungu akubariki, nimewapigia sasa hivi. Wanayo isiyo na F, wanaongeza elfu hamsini, inapita bajeti kidogo lakini nachukua. Napanda gari la alfajiri kwenda Kampala mwenyewe, nitaiwasha pale pale kaunta na klipu yangu iko kwenye fleshi. Mzee lebo ya power nitaitumia nikiwa dukani.